Meza za pool zinakufa mitaani: vijana wamekwenda wapi?

#1 Mlinda Nyeusi

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi nilikwenda Temeke kumsalimia mama mkubwa, nikapitia baa niliyojifunzia pool mwaka 2007. Enzi zile pale palikuwa na meza tatu. Ukifika saa kumi na moja jioni unakuta sarafu za mia tano zimepangwa ukingoni mwa meza, kila sarafu na mwenyewe. Unaweka yako mwisho, unasubiri. Na kusubiri kwenyewe kulikuwa shule: unasoma mkono wa kila mtu, nani anapiga kwa nguvu bila mpango, nani anatetemeka nyeusi, ule mpira wa mwisho unaoamua mchezo, ikibaki peke yake.

Safari hii nimekuta meza moja. Kitambaa kimechanika pale panapopangwa mipira, wamebandika selotepu. Waliokuwa wanacheza ni wawili, na mmoja wao nilicheza naye mwaka huohuo 2007. Zilipokuwa zile meza nyingine mbili sasa kuna madubwi matano, zile mashine za kamari za sarafu, ukutani, kila dubwi limeinamiwa na kijana, wenzake wamesimama nyuma yake. Nilikaa pale saa mbili na nusu. Sikuona kijana hata mmoja aliyeshika fimbo.

Hoja yangu ni hii: dubwi ndilo limeua pool. Sarafu ileile iliyokuwa inakupa robo saa ya kucheza na mwenzio, kupiga stori na kujifunza hesabu za pembe, leo inamezwa kwa sekunde chache na kijana hajamtazama mtu usoni. Inaniuma sana. Nani ana maelezo mengine?

#2 Afisa Usafirishaji

Nimekaa mbele kabisa. Huu uzi nausubiri tangu mwaka juzi.

#3 Jogoo la Shamba

Mkuu hoja nzuri, ila rekebisha kidogo. Mwaka 2007 sarafu ya mia tano haikuwepo. Mia tano ilikuwa noti. Sarafu yake imetoka 2014. Labda ulikuwa unapanga sarafu za mia mbili.

#4 Mlinda Nyeusi

Jogoo, uko sahihi kabisa, asante. Zilikuwa tokeni. Tulikuwa tunazinunua kaunta, za shaba shaba zenye mfereji katikati. Miaka imechanganya kumbukumbu. Hoja inabaki palepale.

#5 Mtoto wa Sabasaba

Shikamooni wakubwa. Mimi nina miaka 22, ndiyo hao vijana mnaowatafuta.

Nisameheni nikisema wazi: nyinyi wenyewe ndio mlitufukuza. Nilianza kwenda kwenye meza nikiwa na miaka 17, baada ya mtihani wa kidato cha nne. Mara ya kwanza naomba kucheza naambiwa "weka buku mbili". Nikaweka. Yule kaka akaniacha nishinde mchezo wa kwanza, makusudi kabisa, kisha akasema tupandishe. Nililiwa elfu nane ile jioni, hela ya kuchapishia picha za pasipoti na kulipia fomu. Watu wazima wamesimama pale wanacheka. Hakuna aliyesema "mwacheni, ni mtoto, mfundisheni."

Kwenye gemu za PlayStation nacheza na wenzangu wa rika langu. Nikifungwa nimefungwa, nalipia mechi, basi. Na nikirudi nyumbani nina gemu kwenye simu, nafanya mazoezi. Fimbo ya pool nitafanyia mazoezi wapi? Kwenye meza ya chakula?

#6 Afisa Usafirishaji

Dogo kapiga nyeusi kwa pigo la kwanza.

#7 Fundi Kitambaa

Nimesoma #1 na #5, wote nawaelewa, lakini mnasahau meza yenyewe. Kazi yangu ni kutengeneza meza za pool, mwaka wa kumi na nne huu, kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Zamani meza zilizokuja zilikuwa za jiwe. Chini ya kitambaa kuna bamba la jiwe zima, zito, wanaume sita ndiyo wanalibeba. Ukishalipima kwa pima-maji likakaa sawa, limekaa. Siku hizi nyingi ninazoitwa kuzitengeneza ni za ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Bia ikimwagika, ubao unakunywa, unavimba. Kuanzia hapo mpira ukienda polepole unapinda wenyewe kuelekea kona moja. Wenyeji wanajua hiyo kona, mgeni hajui. Kijana akija analenga vizuri, anapiga vizuri, mpira unamkataa. Ataamini vipi kwamba huu ni mchezo wa akili?

Kitambaa nacho. Kitambaa cha pool kina manyoya mafupi yanayolala upande mmoja. Ukipitisha kiganja unayahisi: ukienda nayo ni laini, ukirudi yanakwaruza. Yanatakiwa yalale kutoka upande wa kuanzia kwenda upande wa nyeusi. Nimekuta meza zimetandikwa kinyume, nimekuta meza zimetandikwa kitambaa cha suruali. Nilipokuwa Mbezi mwezi uliopita nilifungua meza nikakuta chini ya mguu mmoja wameweka biblia ndogo ya Agano Jipya ili ikae sawa. Niliitoa, nikaifuta vumbi, nikampa mhudumu, nikachonga kipande cha mbao.

Mchezo mzuri kwenye meza mbovu ni mchezo mbovu. Vijana hawana makosa.

#8 Kisura wa Makambako

Habari kaka zangu. Nimesoma hadi hapa na naona wote mnazungumza kama vile vijana ni wa kiume tu.

Mimi nilijifunza pool nikiwa chuoni. Kulikuwa na mashindano ya vyuo vikuu yaliyodhaminiwa na bia ya Safari, na sisi wasichana tulikuwa na timu yetu. Pale palikuwa na utaratibu: jezi, mwamuzi, ratiba, ukikosea unaelezwa umekosea wapi. Nilipomaliza chuo nikarudi nyumbani, meza pekee ilikuwa kwenye baa ya stendi. Nilikwenda mara mbili. Mara ya pili, nimeinama kulenga, mtu kanisogelea nyuma na maneno yake. Nikaweka fimbo chini. Hadi leo sijacheza tena, na nilikuwa napenda ule mchezo kuliko netiboli.

Sasa nina mtoto wa miaka 13 mwenye macho makali ya pembe na vipimo. Nimpeleke wapi? Mchezo unaochezwa baa tu hauwezi kupata watoto, na mchezo usiopata watoto lazima uzeeke.

#9 Jogoo la Shamba

Dada umenena, ila kuna jambo hakuna aliyeligusa. 2016.

Mnakumbuka? Mikoa mingi na wilaya nyingi zilipiga marufuku kucheza pool saa za kazi. Nilikuwa Morogoro. Gari la mgambo likija, tunaacha fimbo tunakimbia kama tumeiba. Rafiki yangu alikuwa dereva wa lori, amefika alfajiri kutoka safari ya siku tatu, amelala, ameamka saa nne asubuhi akaenda kucheza mchezo mmoja. Akabebwa kwa uzururaji. Kujieleza kwamba zamu yake ni ya usiku hakukumsaidia, alikaa ndani hadi kesho yake.

Tangu hapo wazazi mitaani wakashika neno moja: anayecheza pool ni mvivu. Bodaboda anayecheza drafti kijiweni kutwa nzima hasemwi. Anayeweka mkeka wa kubeti kwenye simu hasemwi, maana hata huwezi kujua anafanya nini. Mwenye fimbo mkononi anaonekana toka barabarani.

#10 Mlinda Nyeusi

Jogoo, 2016 naikumbuka. Lakini marufuku ilikuwa ya mchana. Jioni tuliendelea kucheza, na meza zilijaa hadi 2018 hivi. Kwa hiyo siyo sababu kubwa.

Mtoto wa Sabasaba, pole sana mdogo wangu. Nakiri hao watu wapo. Hata sisi tulikuwa na mmoja tunamwita Fundi Mkato, alikuwa anajifanya amelewa. Lakini mbona sisi tuliliwa na tukarudi?

#11 Mtoto wa Sabasaba

Mlirudi kwa sababu hamkuwa na pengine pa kwenda, kaka.

#12 Afisa Usafirishaji

Hahaha, Mlinda, hapo umefichwa nyuma ya nyeusi, tafuta njia ya ukutani.

#13 Barza ya Malindi

Assalaam alaykum jamaa. Mie niko Unguja.

Hapa kwetu pool ipo lakini haina mizizi. Chenye mizizi ni keram. Ubao wa mbao, mashimo manne, unga wa poda, unapiga kwa kidole. Pembe ni zilezile, kubana ni kulekule, akili ni ileile. Na vijana wanacheza mpaka leo, nenda barza yoyote baada ya sala ya Alasiri utawakuta wamejaa, mtoto wa miaka kumi anamfunga babu yake na babu anacheka.

Kwa nini keram haifi? Haina pombe pembeni, haina sarafu, haikulazimishi kumpa mwenye baa chochote. Pool mmeiingiza kamari tangu mwanzo, kisha mnalia kamari kubwa zaidi imekuja kuwameza. Anayefungwa ndiye analipa mchezo. Hiyo nini kama si kamari?

#14 Mlinda Nyeusi

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Hapo sikubaliani. Anayefungwa kulipia mchezo ni sawa na kulipia uwanja. Hela haiendi kwa mshindi, inaingia kwenye kisanduku cha meza. Mshindi hapati hata shilingi, anapata kubaki mezani tu. Dau la pembeni ndilo kamari, na hilo ni la watu, siyo la mchezo.

#15 Barza ya Malindi

Mshindi hakulipa alichokitumia, amelipiwa na aliyeshindwa. Faida ni faida hata kama haijapita mkononi. Sina ugomvi nawe, lakini mzee wangu angeniuliza swali hilo na nisingekuwa na jibu.

#16 Kisura wa Makambako

Chuoni kila mtu alikuwa analipa nusu yake. Tatizo linaisha hapo hapo.

#17 Mama Meza Nne

Habarini. Jina langu linajieleza. Nilikuwa na meza nne, mbili Mbagala na mbili Kongowe, za marehemu mume wangu. Wacha niwape hesabu kwa sababu kila mtu hapa anasema kwa hisia.

Meza unaiweka kwenye baa ya mtu. Funguo ya kisanduku unakaa nayo wewe. Kila Jumatatu unakwenda, mnafungua pamoja, mnahesabu, mnagawana nusu kwa nusu. Kitambaa kikichanika ni juu yako. Fimbo zikivunjwa Jumamosi usiku ni juu yako. Mpira ukiibiwa ni juu yako.

Mwaka 2013 meza yangu nzuri ya Mbagala ilikuwa inanipa elfu sitini kwa wiki upande wangu. Mwaka 2019 meza ileile, baa ileile, elfu kumi na tano. Mwenye baa akaniita kwa heshima akasema: "Mama, meza yako inakula sehemu ya meza tano za wateja." Na ni kweli. Meza ni futi saba, lakini mtu anahitaji nafasi ya kurudisha fimbo kila upande, kwa hiyo inakula chumba kizima. Dubwi linasimama ukutani kama kabati, halihitaji fundi kila mwezi, na anayelileta analihudumia mwenyewe.

Kwa hiyo Mlinda Nyeusi, dubwi halikuwachukua vijana kwanza. Lilichukua ukuta kwanza, na vijana wakafuata kilichopo.

Mbili niliziuza. Mnunuzi alizipeleka Tunduma, na ananiambia pale zinapiga kazi, madereva wa malori wanazisubiri foleni. Labda mchezo haujafa, umehama.

#18 Fundi Kitambaa

Mama, shikamoo. Zile za Kongowe nadhani nilizivalisha kitambaa mimi 2015. Zilikuwa za jiwe zote mbili. Kama ndizo ulizouza, Tunduma wamepata mali.

#19 Mama Meza Nne

Marahaba mwanangu. Za Kongowe ninazo. Niliuza za Mbagala. Za Kongowe zimesimama stoo, zimefunikwa turubai.

#20 Ukungu wa Manchester

Salamu kutoka Uingereza, nimehamia huku miaka mingi. Msidhani tatizo ni la Temeke. Huku kilichozeeka ni snuka, dada mkubwa wa pool.

Fainali ya dunia ya 1985, Dennis Taylor na Steve Davis, ilimalizika baada ya saa sita usiku kwenye nyeusi ya mwisho kabisa, na watu milioni 18.5 walikuwa macho mbele ya televisheni. Leo ukumbi wa karibu na kwangu umegeuzwa jimu. Meza ya snuka ni futi kumi na mbili kwa sita, kodi ya jengo imepanda, umeme umepanda, na marufuku ya sigara ya 2006 iliwaondoa wateja wa kila siku. Angalia pia wachezaji: O'Sullivan, Higgins na Williams waliingia kwenye mchezo wa kulipwa 1992, na mwaka 2025 Mark Williams amefika fainali ya dunia akiwa na miaka 50. Mchezo ambao mtu wa miaka 50 anafika fainali, vijana wa nchi hii wako wapi?

#21 Jogoo la Shamba

Mkuu, marufuku ya sigara 2006 ilikuwa Scotland. England ni Julai 2007. Na umeacha nusu ya habari: aliyemfunga Williams ile fainali ni Zhao Xintong, 18 kwa 12, bingwa wa kwanza wa dunia kutoka China, na hakuwa amefika hata miaka thelathini. China vijana wamejaa tangu Ding Junhui aliposhinda China Open 2005 akiwa na miaka 18. Kwa hiyo vijana wapo. Wapo pale walipoona mwenzao akishinda.

#22 Ukungu wa Manchester

Sahihi, 2007. Naikubali na ya Zhao. Lakini huko watoto wanafundishwa kwenye vituo maalumu kama shule, siyo baa. Tunarudi kwa Kisura.

#23 Kijana wa Kisauni

Hamjambo ndugu. Hapa Mombasa sisi twasema korona ndiyo ilimaliza. Baa zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa mwisho wa Septemba. Miezi sita meza zimekaa kwenye unyevu, vitambaa vimeota ukungu, wenye meza washauza mipira na fimbo wapate kula. Zilipofunguliwa, vijana washazoea simu. Mimi mwenyewe nilikuwa mchezaji wa kila wiki, sijarudi.

#24 Mlinda Nyeusi

Kisauni, Tanzania baa hazikufungwa hivyo na bado mchezo umeshuka. Korona haielezi huku kwetu.

#25 Kijana wa Kisauni

Basi ugonjwa mmoja, dalili mbili.

#26 Mhaya wa Mutukula

Niko mpakani, naishi na pande zote mbili. Vuka hapo Uganda uone. Wana ligi ya taifa ya pool, wana klabu zenye jezi, na bia ya Nile Special imeweka hela miaka mingi. Vijana wanacheza. Kampala kuna dubwi? Lipo. Simu? Zipo. Baa? Mchezo uko baa vilevile. Kwa hiyo hoja zote mlizotaja hapa wanazo na bado wanacheza. Walichonacho ambacho sisi tumekipoteza ni mdhamini aliyebaki. Bia ya Safari ilipoacha mashindano ya taifa, kila kitu kikalala.

#27 Kisura wa Makambako

Kaka, hiyo inanipa taabu kidogo. Kama mchezo unasimama kwa hela ya bia tu, siku bia ikiondoka mchezo unaanguka. Ndicho kilichotupata sisi. Drafti na bao havina mdhamini na vipo.

#28 Mhaya wa Mutukula

Bao unachimba mashimo ardhini, dada. Meza ya jiwe huichimbi.

#29 Mtoto wa Sabasaba

Swali kwa Fundi, nje ya mada kidogo. Kwa nini ile nyeupe ya kupigia kwenye meza nyingi ni ndogo kuliko mipira mingine? Nilidhani ni ya kuchakachua.

#30 Fundi Kitambaa

Swali zuri. Kwenye meza za sarafu mipira ya rangi ikiingia shimoni inafungiwa ndani hadi ulipie tena, lakini nyeupe lazima irudi. Mashine inaitambuaje? Kwa ukubwa. Mipira ya rangi ni kama milimita 51, nyeupe kama 48, kwa hiyo nyeupe inadondokea kwenye njia yake na kutoka. Zipo meza zinazotumia sumaku, lakini huku nyingi ni za ukubwa. Nyeupe ikiibiwa na mwenye baa akaweka mpira mwingine wowote, ukizama umemezwa, mchezo umekufa katikati. Ndiyo maana utaona baa ina nyeupe imefungwa kwenye droo ya kaunta.

Na kwa sababu ni nyepesi, haisukumi kama ile kubwa. Ukipiga kwa nguvu inarudi nyuma. Piga polepole utaona inakutii.

#31 Mtoto wa Sabasaba

Kumbe. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniambia hili.

#32 Ukungu wa Manchester

Dogo, tafuta habari za Efren Reyes wa Ufilipino. Alikulia kwenye ukumbi wa pool wa mjomba wake huko Manila, usiku analala juu ya meza, mchana anasimama juu ya kreti za soda ili afikie. Mwaka 1999 akawa bingwa wa dunia. Alipata mtu wa kumwachia meza.

#33 Afisa Usafirishaji

Mimi niliyekaa mbele nami niseme. Kijiweni kwetu tuko kumi na wanane. Ukituuliza nani anajua pool, mikono minne. Nani ana mkeka leo, mikono kumi na mitano. Siyo kwamba tunapenda sana. Ada ya mtoto haitoki kwenye kucheza vizuri pool. Kwenye mkeka mtu anaamini itatoka, hata kama haitoki. Pool inakuahidi nini? Kubaki mezani tu. Kijana wa leo ana madeni, kubaki mezani hakumtoshi.

#34 Jogoo la Shamba

Hili la Afisa limenigusa kuliko yote. Lakini bado nasema 2016.

#35 Mlinda Nyeusi

Nimesoma yote, na ile ya ukuta ya Mama imenikaa. Dubwi bado nalilaumu.

Mama, zile za Kongowe zilizofunikwa turubai, zina hali gani?

#36 Mama Meza Nne

Mipira kamili, nyeupe mbili. Vitambaa panya wametafuna pembeni. Sijazigusa tangu 2021. Nilikuwa nafikiria kuziuza kwa bei ya vyuma.

#37 Fundi Kitambaa

Mama, tafadhali usiuze jiwe kwa bei ya vyuma. Nipe siku mbili nije nizione bure. Stoo ina ukubwa gani?

#38 Mama Meza Nne

Meza zote mbili zinaenea na mtu anazunguka. Ilikuwa duka la saruji. Hakuna baa karibu, kuna kanisa na saluni.

#39 Kisura wa Makambako

Kanisa na saluni! Mama, niko Dar hadi tarehe kumi na tano. Naomba nije na mwanangu.

#40 Mtoto wa Sabasaba

Na mimi, kama hakuna dau.

#41 Fundi Kitambaa

Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa Kongowe na pima-maji. Mlinda, njoo na watu watano wenye mgongo mzima, jiwe halinyanyuliwi kwa maneno.